Jinsi nilivyojifunza saketi za diodi bila kuchoma hata moja

Kwa kawaida hapa tunaongea kuhusu programu: leo Python, kesho hifadhidata, keshokutwa jinsi ya kufufua tarakilishi kuukuu kwa Linux. Leo tunashuka ngazi moja chini, hadi kwenye umeme wenyewe. Nataka kukueleza jinsi mtu ambaye hajasomea uhandisi wa umeme anavyoweza kuielewa diodi, kile kijidude cheusi chenye mstari wa rangi ya fedha, kwa kutumia tarakilishi kabla ya kununua hata waya. Pia nitakuonyesha mahali ambapo msaada wa tarakilishi unaishia.

Sikuanza kwa udadisi mtupu. Shangazi yangu, ambaye kwetu tunamwita Senge, anaangua vifaranga nyumbani kwake huko Bungoma. Ana inkubeta ndogo iliyoundwa na fundi wa jua kali. Ni sanduku la mbao lenye trei moja ya mayai 30, feni, kidhibiti joto, na balbu ya gari ya wati 21 ambayo ndiyo jiko lenyewe. Kila kitu humo ndani kinatumia volti 12. Mayai ya kuku huchukua siku 21, na muda wote huo yanahitaji joto la karibu nyuzi 37.5. Stima ikipotea usiku kucha, hasara ni kubwa. Senge aliwahi kupoteza trei nzima siku ya 18, na jirani alikuwa ameshatanguliza pesa za vifaranga hivyo. Ilibidi zirudishwe.

Akanipigia simu: "Mwanangu, wewe si unafanya kazi ya kompyuta? Niundie kitu cha kuhamisha hiyo mashine kwa betri, stima ikipotea nikiwa nimelala."

Kwa watu wengi nyumbani, kazi ya kompyuta na kazi ya stima ni kitu kimoja. Si kitu kimoja hata kidogo, lakini hilo huwezi kumwambia Senge. Kwa hiyo nikaanza kusoma.

DIODI KWA LUGHA RAHISI

Diodi ni njia ya umeme ya kwenda bila kurudi. Ina miguu miwili, anodi na kathodi. Mkondo hupita kutoka anodi kwenda kathodi, na ule mstari kwenye mwili wake uko upande wa kathodi. Wengi hufananisha na vali ya tairi ya baiskeli: hewa inaingia, haitoki.

Mfano huo wa vali ni mzuri kwa dakika tano, halafu unakukwamisha. Kuna mambo matatu ambayo vali haikuonyeshi.

La kwanza, diodi inatoza ada ya kupita. Diodi ya kawaida ya silikoni hubakiza kama volti 0.6 hadi 0.8. Aina iitwayo Schottky hubakiza kidogo zaidi ya nusu ya hapo, au chini yake, kulingana na mkondo. Taa nyekundu ya LED, ambayo nayo ni diodi, inataka karibu volti 2, na nyeupe karibu volti 3.

La pili, diodi haifunguki kwa kishindo. Mkondo wake hukua kwa kuzidishwa. Katika diodi ya kitabuni, kila volteji inapopanda kwa milivolti 60 hivi, mkondo unazidi mara kumi. Milivolti 60 ni kidogo sana. Tafadhali ikumbuke namba hii, kwani ndiyo itakayookoa mayai huko mbele.

La tatu, kila diodi ina mipaka yake. 1N4001 inavumilia volti 50 za kinyume, na ndugu yake 1N4007 inavumilia 1000. Zote mbili ni za mkondo wa ampea 1. Ukipitisha zaidi ya hapo, inapata joto na kufa.

VYOMBO VYA KUJIFUNZIA

Programu ya kuiga saketi, au simulesheni, inakuruhusu kuchora saketi kwenye skrini kisha inapiga hesabu ya kila volteji na kila mkondo. Ya zamani yenye sifa ni SPICE, iliyotoka Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1973, na mwandishi wake mkuu alikuwa Laurence Nagel. Watoto wake bado wako nasi: ngspice, ambayo ni programu huria, na LTspice, ambayo inapatikana bure.

Ya pili ni ile ya Paul Falstad. Zamani ilikuwa aplet ya Java, kisha Iain Sharp akaihamishia JavaScript, kwa hiyo siku hizi inafanya kazi ndani ya kivinjari chochote. Uzuri wake ni kwamba unaona umeme ukitembea. Vidoti vya manjano vinasonga kwenye nyaya: mkondo ukiwa mkubwa vinakimbia, ukikatika vinasimama. Rangi ya waya inabadilika kulingana na volteji.

Ushauri wangu ni utumie zote mbili. Ya Falstad inakupa hisia, na SPICE inakupa namba za kuaminika zaidi.

JARIBIO LA KWANZA: REZISTA MOJA, DIODI MOJA

Anza na kitu kidogo kabisa. Chanzo cha volti 5, rezista ya omu 1000, na diodi moja. Katika ngspice saketi nzima ni mistari sita, na mwanaprogramu yeyote atajihisi yuko nyumbani:

Diodi ya kwanza
V1 1 0 5
R1 1 2 1k
D1 2 0 DIODI
.model DIODI D
.op

Ukimalizia na mstari wa .end, programu itakujibu: kwenye diodi kuna karibu volti 0.69, na mkondo ni karibu miliampea 4.3.

Sasa badilisha rezista iwe omu 100. Mkondo unapanda hadi karibu miliampea 43, mara kumi. Na volteji ya diodi? Inafika 0.75 tu. Ndiyo zile milivolti 60. Weka omu 10,000 na itashuka hadi 0.63. Kwa mabadiliko mawili ya tarakimu umeona kwa macho yako kitu ambacho kitabuni kinaandikwa kwa mlinganyo wa kutisha.

Kisha fanya jambo ambalo hungelifanya mezani. Iondoe rezista, uunganishe diodi moja kwa moja na zile volti 5. Mlinganyo wa diodi unadai mkondo wa ampea ambao ni 1 ikifuatwa na sufuri karibu 70. Hakuna betri duniani inayoweza kutoa hivyo. Diodi halisi ingetoa moshi mara moja. Somo lake halisahauliki: kazi ya rezista ni kuamua mkondo, kwa sababu diodi yenyewe haijui kujizuia.

NDANI YA PROGRAMU KUNA NINI?

Hapa mwanaprogramu ndani yangu aliamka. Volteji ya diodi inategemea mkondo, na mkondo unategemea volteji ya diodi. Tarakilishi inaanzia wapi?

Inabahatisha, kisha inajisahihisha. Hebu tufanye kwa mkono. Tuseme diodi ina volti 0.7. Basi rezista imebakiwa na 4.3, na mkondo ni miliampea 4.3. Rudisha mkondo huo kwenye mlinganyo wa diodi: inataka volti 0.693, si 0.7. Sawa, rudia na 0.693. Mkondo sasa ni 4.307, na diodi inajibu tena 0.693. Hakuna kinachobadilika, kwa hiyo jibu limepatikana, na tumezunguka mara mbili tu.

SPICE inatumia mbinu ya werevu zaidi ya Newton na Raphson, lakini roho ni hiyohiyo. Inabahatisha, inakagua, inasahihisha, hadi tofauti iwe ndogo mno. Nilipolielewa hili, uigaji uliacha kuwa uganga machoni pangu. Ni kitanzi cha kawaida kama vitanzi vingine tunavyoandika kila siku, na kinajua yale tu uliyokiambia.

JARIBIO LA PILI: KUTOKA STIMA YA UKUTANI HADI MKONDO MNYOOFU

Stima ya Kenya ni volti 240, na inageuza mwelekeo mara 50 kila sekunde kwenda na kurudi. Betri na feni ya Senge havitaki kugeuzwageuzwa. Vinahitaji mkondo wa upande mmoja. Hiyo ni kazi ya diodi.

Chora transfoma ya kushusha hadi volti 12. Kumbuka kwamba 12 hiyo ni wastani wa aina yake, kwani kilele halisi kinafika karibu volti 17. Weka diodi moja, na utaona mawimbi ya juu yakipita huku ya chini yakikatwa. Nusu ya umeme imepotea. Weka diodi nne katika umbo la daraja, na mawimbi ya chini yanapinduliwa yawe ya juu. Kilele ni karibu 15.6, kwa sababu kila safari sasa inapita diodi mbili na kulipa ada mbili.

Ongeza kapasita ya kulainisha. Makadirio ya mkono ni rahisi: gawanya mkondo kwa kapasita na kwa idadi ya vilele kwa sekunde, ambavyo kwa daraja ni 100. Kwa nusu ampea na mikrofaradi 1000 unapata mtikisiko wa volti 5. Kwa mikrofaradi 4700 ni karibu volti 1. Skrini itakuonyesha pungufu kidogo ya hapo, kwa kuwa kapasita huanza kujazwa tena kabla wimbi halijaisha.

Bonyeza diodi mojawapo uangalie mkondo wake. Hautiririki polepole kama ulivyodhani. Unakuja kwa mapigo mafupi makali, kila wimbi linapofika kileleni, na kila pigo ni kubwa mara kadhaa kuliko wastani. Ndiyo maana mafundi huchagua diodi yenye uwezo zaidi ya mkondo wa mzigo. Kwa mita ya kawaida hungeyaona mapigo hayo kamwe.

JARIBIO LA TATU: RILEI INAYORUSHA CHECHE

Hili ni fupi. Kidhibiti joto cha inkubeta kinawasha balbu kupitia rilei, na ndani ya rilei kuna koili ya waya. Rilei nyingi ndogo za volti 12 zina koili ya omu 400, yaani miliampea 30. Transista inapoukata mkondo huo ghafla, koili inakataa. Inapandisha volteji hadi mkondo upate pa kutokea. Kwenye skrini mstari unaruka hadi mamia ya volti, na transista ndogo haiwezi kustahimili hilo.

Weka diodi sambamba na koili, kathodi ikielekea upande wa chanya. Rilei ikiwaka, diodi imelala tu. Rilei ikizimwa, mkondo unazunguka kupitia diodi hadi uishe, na volteji haipiti 12.7. Diodi ya shilingi chache imelinda bodi nzima.

SASA TURUDI KWA INKUBETA

Mchoro ambao utaonyeshwa na karibu kila mtu ukiuliza swali la Senge ni huu: chukua adapta ya volti 12, chukua betri ya volti 12, pitisha kila moja kwenye diodi yake, unganisha kathodi mbili pamoja, kisha peleka kwa mzigo. Stima ikiwepo adapta inalisha, ikipotea betri inalisha, na diodi zinazuia moja isirudishe umeme kwa nyingine. Kwa lugha ya programu ni "au" ya kawaida: adapta au betri. Ni mchoro mzuri, na umeeleweka kwa sentensi moja.

Nikauweka kwenye skrini kabla ya kuuweka kwenye mayai. Adapta volti 12.0. Betri ya asidi iliyojaa, ikiwa imetulia, ina karibu 12.7, kwa hiyo nikaandika 12.7. Mzigo omu 6, yaani karibu ampea 2. Nikabonyeza kuanza.

Vidoti vya manjano vikakimbia kutoka kwa betri. Upande wa adapta vilisimama tuli. Adapta ilikuwa haitoi chochote!

Stima ipo, adapta iko tayari, lakini mashine inaendeshwa na betri. Kwa nini? Kwa sababu ya zile milivolti 60. Tofauti ya volti 0.7 ina hatua zaidi ya kumi za milivolti 60, na kila hatua ni kuzidisha mara kumi. Hata diodi halisi ambayo si bora kama ile ya kitabuni, mgawanyo wake utabaki uleule: mwenye volteji ya juu anabeba mzigo wote, na wa chini haguswi.

Sasa fikiria mchoro huo ukiwa Bungoma. Betri inapungua polepole, 12.5, 12.3, 12.1. Inapofika 12.0, adapta ndiyo kwanza inaanza kusaidia, na betri ya asidi ya volti 12.0 imebakiwa na kama robo tu ya nguvu zake. Wakati wote huo hakuna dalili. Balbu inawaka, feni inazunguka. Hata ukiijaribu siku ya kwanza kwa kung'oa plagi ukutani, kila kitu kitaendelea vizuri na utapiga makofi. Halafu usiku ambao stima inapotea kweli, betri haina kitu.

Wenzangu wa programu mnaijua aina hii ya hitilafu. Inapita majaribio yote, kisha inajitokeza siku ya hukumu. Mchoro wenyewe hauna dosari ya mantiki. Shida ni kwamba akilini mwetu tumeshaandika "kuu" juu ya adapta na "akiba" juu ya betri, na diodi haisomi maandishi hayo. Inasoma volteji peke yake.

SULUHISHO: DIODI TATU

Ukishajua kwamba diodi inapanga foleni kwa volteji, kazi inakuwa ya kupanga volteji zako.

Badala ya adapta ya kawaida nilichagua ugavi wa sanduku la bati wenye matundu, wa ampea 5, ambao una skrubu ya kurekebisha volteji. Unaweza kuupandisha hadi 13.8. Balbu ya gari haijali, kwa kuwa ndiyo volteji inayopata gari likiwa linanguruma, na feni na kidhibiti vya inkubeta hii vinaruhusu pia. Angalia vyako kabla ya kuiga.

Diodi ya kwanza, Schottky 1N5822 ya ampea 3, inatoka kwenye ugavi kwenda kwenye mzigo.

Diodi ya pili, 1N5822 nyingine, inatoka kwenye betri kwenda kwenye mzigo.

Diodi ya tatu inatoka kwenye ugavi kwenda kuchaji betri, ikifuatwa na rezista ya omu 1 ya wati 5. Hapa kwa makusudi si Schottky. Ni ya silikoni, 1N5408, ambayo ada yake ni kubwa zaidi.

Makusudi yenyewe ni haya. Mzigo unapata 13.8 toa kama 0.4, yaani 13.4. Betri inachajiwa kupitia diodi yenye ada kubwa, kwa hiyo hata ikijaa haifiki 13.4. Inaishia karibu na 13.1 au 13.2. Basi maadamu stima ipo, betri daima iko chini ya mzigo, na diodi ya pili inabaki imefungwa. Ile ada ambayo mwanzoni niliiona kama kero imegeuka kuwa ngazi. Betri inajaa polepole kuliko kwa chaja ya kweli, lakini inajaa, na haichemki.

Kwenye skrini nilipitia kila hali ninayoweza kuifikiria. Betri ikiwa 12.0, chaji inaingia kwa karibu ampea 1, ukijumlisha na mzigo ni kama ampea 3.2, na ugavi wa ampea 5 haulemewi. Betri ikiwa hoi kwa volti 11, rezista inabeba karibu wati 4, chini ya 5 zake. Stima ikikatwa, mzigo unateremka kutoka 13.4 hadi karibu 12.3 bila pengo hata dogo. Rilei ingechukua milisekunde kadhaa kuhama, na kidhibiti kingeweza kujiwasha upya. Diodi haina kitu cha kuhamisha. Stima ikirudi, betri inajitoa yenyewe.

Kwa betri ya ampea-saa 18, ukitumia nusu tu ili usiiharibu, unapata zaidi ya saa 4 hata balbu ikiwaka mfululizo. Na haiwaki mfululizo, kwani kidhibiti kinaizima joto likitosha.

Nikanunua vifaa Luthuli Avenue, nikalehemu jioni mbili, nikapanda basi la Bungoma.

Senge alisimama mlangoni akiangalia nikichomeka mita. Skrini ilisema 13.4, lakini mita ikasema 13.2. Zile 0.2 zilikuwa zinaliwa na waya mwembamba wa kutoka dukani kwake hadi chumba cha inkubeta. Katika programu waya hauna ukinzani kabisa, ila waya wa kweli unao. Nilipoongeza rezista ya omu 0.1 kwenye mchoro, skrini na mita vikakubaliana. Mpangilio wa foleni ulibaki bado sahihi, kwa kuwa 13.2 ya mzigo haikuruhusu betri kutoa mkondo wa maana. Hata hivyo nafasi ilikuwa imebana, kwa hiyo nikabadilisha waya ukawa mnene zaidi. Ikapanda hadi 13.3.

Siku iliyofuata Senge aliweka mayai. Katika siku zile 21 stima ilipotea usiku mara mbili, na mara moja ilikuwa kuanzia saa nne hadi karibu saa nane. Siku ya 22 nilipata ujumbe mfupi kwenye simu: "24. Sita hayakuwa na mbegu." Mayai yasiyo na mbegu hayaokolewi na diodi. Lakini jirani alichukua vifaranga vyake.

MAMBO AMBAYO SKRINI HAIKUAMBII

Ningekuwa nakudanganya nikikuacha na picha kwamba uigaji unatosha. Hautoshi, na ni vyema ujue unaishia wapi.

Kwenye skrini hakuna kinachoungua. Unaweza kupitisha ampea 10 kwenye 1N4007 na haitalalamika. Lazima wewe mwenyewe uzidishe volti 0.4 kwa ampea 2.2, upate karibu wati 0.9, kisha ujiulize joto hilo litaenda wapi ndani ya kisanduku cha plastiki. Mimi niliziacha diodi na miguu mirefu kiasi na kutoboa matundu kwenye kisanduku.

Joto linabadilisha diodi yenyewe. Kwa kila nyuzi 1 ya Selsiasi ada ya diodi ya silikoni inapungua kwa karibu milivolti 2. Schottky ikipata joto inavujisha zaidi upande wa kinyume. Programu nyingi zitachukulia nyuzi 27 isipokuwa uziambie vingine.

Programu haijui bisibisi inayoanguka. Betri ya asidi ikiguswa chanya na hasi kwa chuma hutoa mkondo wa kutisha, unaotosha kuwasha waya moto. Weka fyuzi karibu kabisa na betri. Ya kwangu ni ampea 5. Kwenye mchoro fyuzi haifanyi kitu, na ndiyo maana wanafunzi wengi wa skrini huisahau.

Na tafadhali, upande wa volti 240 mwachie anayeujua. Mimi nilianzia pale ugavi ulipotoa volti chache salama. Jaribio la transfoma na daraja lifanye kwenye skrini mpaka upate mtu wa kukusimamia.

UKITAKA KUANZA LEO

Huhitaji mashine kali. Fungua programu ya Falstad kwenye kivinjari, au sakinisha ngspice, kisha fuata mpango huu wa jioni tano.

1. Rezista na diodi. Badilisha rezista mara tatu na uandike volteji ya diodi kila mara. Tafuta zile milivolti 60.

2. Taa ya LED kwa volti 5. Kadiria rezista ya kukupa miliampea 10 kabla ya kubonyeza kuanza, kisha ulinganishe.

3. Daraja la diodi nne na kapasita. Angalia mkondo wa diodi moja, si volteji pekee.

4. Koili na swichi, bila diodi kisha ukiwa na diodi.

5. Vyanzo viwili na diodi mbili. Kifanye kimoja kiwe 12.0, na kingine ukipandishe polepole kutoka 11.5 hadi 12.5. Tazama jinsi mzigo unavyohama kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine.

Kwenye kila jaribio kuna sharti moja: andika unachotarajia kabla ya kubonyeza. Usipoandika, macho yatafurahia vidoti vya manjano na akili haitajifunza kitu. Ukiandika, kila tofauti kati ya karatasi yako na skrini ni somo, na kila tofauti kati ya skrini na mita ni somo kubwa zaidi.

Baada ya hapo nenda dukani, ununue diodi kumi na mita ya bei nafuu. Jaribio la tano ukilifanya kwa betri mbili za kweli, utaihisi ile foleni ya volteji mkononi mwako.

Hadi wakati mwingine, kazi njema.